Ukuta wa kuzuia kelele umejengwa kando ya barabara kuu, mbona nyumba za nyuma bado zinalalamika?

1. Jirani wa Barabara

Habari zenu wakuu. Kati ya mtaa wetu na barabara kuu yenye njia sita umejengwa ukuta wa zege wenye kimo cha meta 4, na kazi ilipokamilika sote tuliamini kwamba suala la kelele limefungwa. Nyumba za mstari wa kwanza, zilizo meta 20 hivi nyuma ya ukuta, zimepata nafuu ya kweli, kwa kuwa sasa watu wanazungumza uani bila kupaza sauti. Lakini wanaoishi meta 200 na zaidi ndani ya mtaa wanasema kwamba usiku mngurumo wa malori unasikika kama zamani au hata kuzidi, na wenzetu wa ng'ambo, ambako hakuna ukuta, wanalalamika kwamba tumewatupia kelele zetu. Ripoti ya mradi inasema kelele zimepungua kwa desibeli 8, na sina sababu ya kudhani kwamba namba hiyo ni ya uongo. Dai langu ni kwamba ukuta wa namna hii hauondoi kelele, unazihamisha tu, na kwamba usanifu unaopima mstari wa kwanza peke yake umekosea tangu kwenye karatasi. Wenye ujuzi mnikosoe au mniunge mkono kwa hoja. Naomba kuwasilisha.

2. Mhandisi Mkimya

Mkuu, ukuta hufanya kazi kwa kukata njia ya moja kwa moja kati ya chanzo na sikio. Sauti inayobaki ni ile inayopanda, kupinda kwenye ukingo wa juu na kushuka upande wa pili, na eneo linalopata nafuu huitwa kivuli cha sauti. Kanuni ya haraka tunayoitumia kabla ya kufungua kompyuta ni kwamba ukuta unaofikia tu kimo cha kuyaficha magari machoni pa msikilizaji hupunguza desibeli 5 hivi, na kila meta moja inayoongezwa juu ya hapo huleta desibeli 1.5 nyingine. Kupata 10 kunawezekana kwa ukuta wa kawaida, kupata 15 ni kazi ngumu, na 20 ndiyo dari ambayo ukuta mwembamba hauvuki.

Desibeli ni kipimo cha logariti. Magari yakiongezeka maradufu, kelele hupanda kwa 3 tu, na inabidi zishuke kwa 10 ndipo sikio la kawaida liseme zimepungua nusu. Kwa hiyo 8 za ripoti ni matokeo mazuri kwa mstari wa kwanza. Kuhusu wale wa meta 200, kivuli hufifia kadiri unavyokwenda mbali, na nafuu kubwa huwa ndani ya meta 60 hivi za kwanza. Nyumba za nyuma hazikuahidiwa kitu tangu mwanzo.

3. Mwanahesabu

Mhandisi Mkimya, nakubaliana na namba zako za kimo, ila hilo la kivuli kufifia kwa sababu ya umbali peke yake halikai sawa, na hesabu iko wazi. Mtaalamu wa Kijapani Maekawa alichapisha mwaka 1968 mchoro ambao hadi leo ndio msingi wa makadirio haya: unachukua urefu wa njia ya sauti inayopita juu ya ukuta, unatoa urefu wa njia iliyonyooka, kisha unalinganisha tofauti hiyo na nusu ya urefu wa wimbi.

Tuchukue tairi, chanzo chake tukiweke nusu meta juu ya lami, meta 10 kutoka kwenye ukuta wa meta 4. Sikio liwe meta 1.5 kutoka ardhini. Likiwa meta 20 nyuma ya ukuta, tofauti ya njia ni sentimeta 73 hivi, na kwa sauti ya 500 hezi (mitetemo 500 kwa sekunde) upungufu ni desibeli 16 na nusu. Likisogezwa hadi meta 200, tofauti ni sentimeta 61 hivi na upungufu unakaribia 16. Yaani umbali umeongezeka mara kumi na ukuta umepoteza chini ya desibeli moja! Ukuta ulio karibu na chanzo hufanya kazi yake pale pale kwenye chanzo. Kama nyumba za nyuma hazipati nafuu, sababu itafutwe kwingine.

4. Ghorofa ya Tatu

Asanteni kwa elimu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lililo umbali uleule wa meta 20 kutoka kwenye ukuta unaofanana sana na huo, na kwangu nafuu ni ndogo mno, wakati jirani wa chini analala madirisha yakiwa wazi. Je, hesabu hizo zinasema nini juu yetu sisi wa juu?

5. Mwanahesabu

Ghorofa ya Tatu, tuseme sikio lako liko meta 10.5 juu ya ardhi. Mstari unaotoka kwenye tairi lile la meta 10 hadi kwako unapita kwenye ukuta katika kimo cha meta 3.8, wakati ukuta una meta 4. Umesitirika kwa sentimeta chache tu, kwa hiyo unapata zile desibeli 5 za mwanzo na si zaidi. Lori lenye bomba la moshi lililosimama meta 3.5 juu ya barabara unaliona waziwazi, kwa maana mstari wake unapita karibu meta 2 juu ya ukuta. Kwa matairi ya njia ya karibu unalo pazia jembamba, kwa injini za malori huna kitu.

6. Dereva wa Masafa

Hapo Mwanahesabu amegusa jambo ambalo wapangaji wengi hulipita. Nimeendesha malori muda mrefu. Gari dogo likishapita kasi ya kilometa 50 kwa saa, kelele zake karibu zote ni za tairi na lami, zinazaliwa chini kabisa na ukuta unazikamata. Lori lina vyanzo viwili zaidi: injini, na mdomo wa bomba la moshi ulio juu. Usiku magari madogo hupungua na malori hubaki, kwa hiyo ukuta uliopimwa saa za mchana zenye mchanganyiko wa magari unasifiwa kwa kelele ambazo usiku hazipo. Wale wa nyuma wanalalamikia usiku, tena wanalalamikia mngurumo. Mimi jibu naliona hapo.

7. Mwanahesabu

Dereva, namba zinakuunga mkono. Rudisha mfano wa nyumba ya meta 20, weka chanzo meta 3.5 juu badala ya nusu meta, na uchukue sauti nzito ya 100 hezi ambayo wimbi lake lina urefu wa meta 3.4. Upungufu unashuka hadi desibeli 6 hivi. Sauti nyembamba ya 1,000 hezi ina wimbi la sentimeta 34, nayo haipindi kirahisi juu ya ukingo. Ukuta huchuja: unazuia mlio wa matairi na kuacha mngurumo upite.

8. Ng'ambo ya Pili

Wakuu, mnazungumza upande mmoja tu. Mimi naishi kwenye hali ya wale majirani wa Jirani wa Barabara: ukuta umejengwa ng'ambo, kwangu hakuna. Zege laini huakisi karibu sauti yote inayolifikia, na sauti hiyo inarudi kwetu. Tangu ukuta ule usimame kelele zimekuwa maradufu, na hakuna aliyekuja kupima upande wetu kwa sababu mradi ulihesabiwa kuwa wa upande wa pili.

9. Mhandisi Mkimya

Ng'ambo ya Pili, pole kwa adha. Ukuta mmoja unaoakisi unaweza kuongeza si zaidi ya desibeli 3 upande wa pili, hata kama ungerudisha kila kitu, maana chanzo kimoja kinakuwa kama viwili. Kiuhalisia huwa chini ya hapo, kwa kuwa mwangwi umesafiri umbali mrefu zaidi na sehemu yake imezuiwa na magari yenyewe. Desibeli 3 ni badiliko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Nishati ndiyo inayokaribia maradufu, lakini ukubwa wa sauti unaousikia haufiki huko.

10. Ng'ambo ya Pili

Mhandisi, nashukuru, lakini sikio langu halisikilizi wastani. Zamani gari lilikuja, likafika kilele, likaenda. Sasa kila pito lina mkia, mlio unadumu na vilele vimejazwa katikati, hakuna mwanya wa utulivu kati ya gari na gari. Namba ya wastani wa saa nzima inaweza kupanda kwa desibeli 1 tu huku hali ya kuishi ikiwa imebadilika kabisa.

11. Mpanda Miti

Salaam. Kwa nini tunajenga zege wakati miti ipo? Mstari mmoja wa miti mirefu unameza kelele na unapendeza macho. Pia tuta la udongo lenye nyasi halipasuki wala halichorwi maandishi.

12. Mhandisi Mkimya

Mpanda Miti, kwenye tuta uko sahihi kabisa. Tuta la udongo lenye kimo sawa na ukuta linaweza kuushinda kwa desibeli 3 hivi, kwa sababu ya umbo lake na udongo laini. Tatizo lake ni ardhi: tuta la meta 4 lenye miteremko salama linahitaji upana wa zaidi ya meta 12, na mitaa iliyobanana na barabara haina nafasi hiyo. Ndiyo maana mara nyingi hujengwa tuta fupi, na ukuta mfupi juu yake.

Kuhusu mstari mmoja wa miti, hapana. Ili upate desibeli 5 unahitaji msitu mnene wa meta 30 hivi, wenye vichaka vinavyofika chini na majani yasiyopukutika. Mstari mmoja huficha magari machoni na kuburudisha roho, na hilo lina thamani yake, lakini kipimasauti hakitasogea.

13. Mpanda Miti

Hata hivyo, udongo laini chini ya miti hufyonza, na hilo mmelisahau katika hesabu zenu zote za pembetatu.

14. Mwanahesabu

Mpanda Miti ametupatia ufunguo bila kukusudia, na ninaona maelezo haya yana nguvu kuliko yote yaliyotangulia. Kabla ukuta haujajengwa, sauti ilisafiri chini chini juu ya nyasi na bustani, ikipoteza nguvu njiani. Barabara yenye magari mfululizo hupungua desibeli 3 kila umbali unapoongezeka maradufu kama ardhi ni ngumu, na 4.5 hivi kama ardhi ni laini. Kutoka meta 25 hadi 200 umbali umeongezeka maradufu mara tatu, kwa hiyo ardhi laini ilikuwa inawapa watu wa nyuma zawadi ya desibeli 4 na nusu. Ukuta unapojengwa, sauti inainuliwa hadi ukingo wa juu na kuanza safari mpya kutoka meta 4 angani, na sehemu kubwa ya zawadi ile inapotea. Kwa hiyo faida ya kupinda inaliwa na hasara ya ardhi. Mstari wa kwanza hauhisi hili kwa kuwa safari yake ni fupi.

15. Mtazama Upepo

Hoja ya ardhi naiheshimu, ila inaeleza kwa nini nafuu ni ndogo. Haielezi kwa nini watu wanasema kelele zimezidi *usiku*. Kwangu jibu ni hewa. Mchana ardhi ikiwa na joto, hewa ya chini huwa ya moto kuliko ya juu na sauti hujikunja kuelekea angani. Usiku usio na mawingu wala upepo mwingi ardhi hupoa haraka, hewa baridi hulala chini na ya vuguvugu hukaa juu, na sauti hupindwa kurudi ardhini. Mawimbi yaliyovuka juu ya ukuta na ambayo mchana yangepotelea mbinguni yanashushwa juu ya mapaa ya nyumba za mbali. Upepo unaovuma kutoka barabarani hufanya kazi ileile. Tena ukuta wenyewe huuvuruga upepo: hewa hulazimika kupita kwa kasi zaidi juu ya ukingo, tofauti ya kasi kati ya chini na juu inakuwa kali mahali pale pale sauti inapopindia, na kivuli kinapungua.

Hesabu ya nambari 3 ni ya hewa iliyotulia yenye joto moja kuanzia chini hadi juu. Hewa ya namna hiyo ni nadra nje ya chumba.

16. Fundi Paneli

Wakuu wangu, mmefika angani kabla hamjaukagua ukuta wenyewe. Mimi kazi yangu ni kufunga paneli, na ukuta ninaoulizwa habari zake mara nyingi una tundu. Kanuni ni nyepesi: matundu yakifika asilimia 1 ya eneo lote, ukuta hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hata ungekuwa wa madini mazito ya risasi, na yakifika asilimia 10 haufiki zaidi ya 10. Uzito nao unahesabika, kwani kinachotakiwa ni kiasi cha kilo 20 kwa kila meta ya mraba. Zege, matofali, mbao nene na akriliki nene (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) vyote vinafika hapo bila shida, kwa hiyo ugomvi wa zege na mbao si ugomvi wa uzito.

Ugomvi ni wa maungio. Niliitwa kwenye ukuta wa mbao ambazo zilifungwa zikiwa bado mbichi. Asubuhi jua likiwa upande wa barabara, nyuma ya ukuta majani yalikuwa na mistari myembamba ya mwanga kuanzia juu hadi chini, mstari mmoja kwa kila ungio, kwa kuwa mbao zilikauka na kuachana. Ukisogeza sikio kwenye ufa ulisikia kila tairi linavyokanyaga lami. Chini ya paneli udongo ulikuwa umeshuka na mkono wangu ulipita mzima. Ripoti ya siku ya makabidhiano ilikuwa ya kweli kwa siku ile.

17. Jirani wa Barabara

Nashukuru sana kwa michango. Nimekwenda kuukagua ukuta wetu kufuatana na maelezo ya Fundi Paneli: maungio ya zege yamezibwa vizuri na sikuona mwanga. Lakini kuna mambo mawili ambayo sikuyataja. Ukuta unakatika mahali inapoingia barabara ya mtaa, na upande mmoja unaishia meta 150 tu baada ya nyumba ya mwisho ya mstari wa kwanza. Je, hilo lina uzito?

18. Mwanahesabu

Lina uzito mkubwa, tena kwa watu wa nyuma kuliko wa mbele. Kanuni inayotumika ni kwamba ukuta uendelee kila upande kwa angalau mara 4 ya umbali kati ya nyumba na ukuta, yaani urefu wote uwe kama mara 8. Nyumba ya meta 20 inahitaji meta 80 kila upande, na meta 150 zinaitosha kwa ziada. Nyumba ya meta 200 inahitaji meta 800 kila upande. Mtu wa nyuma anaiona barabara ikichomoza mwishoni mwa ukuta, na kelele za kipande kile zinamfikia bila kizuizi. Ripoti ya desibeli 8 inabaki sahihi, na malalamiko yao yanabaki sahihi pia.

19. Mtazama Upepo

Mwanahesabu, sasa umeshikilia maelezo ya pili baada ya kusema yale ya ardhi ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Ukuta ulio mfupi hauelezi tofauti ya usiku na mchana.

20. Dereva wa Masafa

Wala ardhi haielezi kwa nini wanataja malori na si magari. Barabara ya mtaa inayoingilia hapo ina maana malori yanapunguza kasi na kubadili gia mahali penye pengo lenyewe. Waulizeni kama kelele wanazozisikia zinatoka upande huo.

21. Fundi Paneli

Pengo la barabara ya mtaa linatibika. Kuta mbili zinapishanishwa, moja ikiwa nyuma ya nyingine, na sehemu inayopishana inakuwa ndefu mara kadhaa kuliko upana wa uchochoro unaobaki, nyuso za ndani zikiwekewa nyenzo ya kufyonza ili sauti isidundedunde hadi itokee. Inafaa sana kwa njia ya wenda kwa miguu na milango ya dharura. Kwa barabara ya magari ni vigumu kwa sababu dereva anayetoka anahitaji kuona mbali, na usalama wake hauwezi kuuzwa kwa desibeli.

22. Msomaji wa Kanuni

Ningependa kuuliza kuhusu viwango. Marekani inaweka desibeli 67 kwa makazi, wakati Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa kanda ya Ulaya wa mwaka 2018 linapendekeza chini ya 53 kwa kelele za barabarani. Inawezekanaje nchi iruhusu kelele kwa desibeli 14 zaidi ya kinachoshauriwa kiafya?

23. Mpimaji

Msomaji wa Kanuni, namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Ile 67 ni wastani wa nishati katika saa moja yenye kelele nyingi kuliko zote, tena ni kizingiti cha kuanza kufikiria kinga. Ile 53 ni wastani wa saa 24 ambamo kelele za jioni huongezewa 5 na za usiku 10 kabla ya kukokotolewa, na mwongozo huohuo unataka usiku peke yake uwe chini ya 45. Tofauti inabaki kubwa hata hivyo, na inatokana na swali linaloulizwa: moja inauliza ni lini fedha za umma zitumike, nyingine inauliza ni wapi madhara kwa afya yanapoanzia.

Niongeze jambo ambalo kwangu ndilo linalopotosha ripoti nyingi. Namba zote hizo zimepita kwenye kichujio cha A, kinachoiga sikio kwa sauti ndogo na ambacho huondoa desibeli 19 kwenye sauti ya 100 hezi na 26 kwenye 63 hezi. Mngurumo anaoulalamikia mtu wa nyuma umepunguzwa kwenye kompyuta kabla haujaandikwa. Ukuta ukiondoa mlio mwembamba uliokuwa ukiufunika, mngurumo unajitokeza, naye anasema kwa dhati kwamba umezidi ilhali haujabadilika. Haya nayo ni maelezo ya tano au ya sita, na hayapingani na ya Dereva.

24. Ghorofa ya Tatu

Nimesoma yote. Kwa sisi wa juu, je, haiwezekani kuufunika kabisa mfereji huu wa magari?

25. Mhandisi Mkimya

Inawezekana, na imefanyika. Melbourne ina kipande cha barabara ya CityLink kilichozungushiwa chuma kwa umbo la bomba karibu na majengo marefu ya makazi, na Hong Kong imefunika nusu au kabisa vipande vya barabara vinavyopita kati ya maghorofa. Utrecht, Uholanzi, kizuizi cha kelele cha barabara ya A2 kimejengewa ukumbi wa maonyesho ya magari ndani yake, na Uswisi iliweka paneli za umeme wa jua juu ya ukuta wa barabara ya A13 tangu mwaka 1989. Lakini kufunika kunaleta mzigo wa hewa chafu, mwanga, zimamoto na uokoaji, na gharama inakaribia ya handaki. Kabla ya huko kuna ukingo wenye umbo la herufi T, unaoongeza kati ya desibeli 1 na 3 bila kuongeza kimo.

26. Mpanda Miti

Mkitumia paneli za kioo au akriliki ili kuhifadhi mandhari, wakumbukeni ndege. Hawaoni kizuizi na wanajigonga kwa kasi. Zile picha za mwewe zinazobandikwa moja moja hazisaidii. Kinachosaidia ni mistari ya wima yenye upana wa sentimeta 2 inayoachana kwa sentimeta 10, kwenye paneli nzima.

27. Fundi Lami

Nimeshangaa uzi umefika hapa bila mtu kutaja uso wa barabara. Kama kelele nyingi zinazaliwa kwenye tairi, zipunguzwe pale pale. Uholanzi imeweka lami yenye vinyweleo kwenye sehemu kubwa sana ya barabara zake kuu. Hewa inayobanwa chini ya tairi inapata pa kutokea, na kelele zinashuka kwa desibeli 3 au zaidi, kwa ghorofa ya kwanza na ya kumi, kwa mstari wa kwanza na wa ishirini, kwa pande zote mbili. Ng'ambo ya Pili asingekuwa na la kulalamikia.

28. Mhandisi Mkimya

Fundi Lami, hoja ni nzuri na inafaa kwenda pamoja na ukuta. Tatizo ni kwamba vinyweleo huziba kwa vumbi na udongo, hasa kwenye njia za mwendo wa pole ambako matairi hayavisafishi, na tabaka lenyewe hudumu muda mfupi kuliko lami ya kawaida. Ukuta uliosimama unabaki na kimo chake.

29. Fundi Lami

Na nyufa za nambari 16 je? Kila kinga inahitaji matunzo. Tusiihukumu lami kwa siku yake ya uzeeni na ukuta kwa siku yake ya makabidhiano.

30. Ng'ambo ya Pili

Tumeambiwa kwamba dawa ya malalamiko yetu ni kujengewa ukuta upande wetu pia, wa kimo kilekile. Mnalionaje?

31. Mwanahesabu

Kuwa mwangalifu. Kuta mbili zinazotazamana na kuakisi zinarushiana sauti, na kila inaporushwa inapanda hadi ivuke ukingo. Umbali kati ya kuta ukiwa zaidi ya mara 20 ya kimo, hakuna madhara yanayopimika. Ukiwa kati ya mara 10 na 20, mnaweza kupoteza hadi desibeli 3, na chini ya mara 10 hasara inazidi hapo. Barabara ya njia sita pamoja na mabega yake ina upana wa meta 40 hivi, na kwa ukuta wa meta 4 mnasimama kwenye mara 10 kamili. Ukuta wa pili wa zege tupu unaweza kuharibu hata nafuu ya mstari wa kwanza wa Jirani wa Barabara. Ule wa sasa uvishwe kwanza nyenzo ya kufyonza upande unaotazama magari: ikifyonza asilimia 80, nyongeza kwenu inashuka kutoka zile 3 za juu kabisa hadi chini ya 1.

32. Mtazama Upepo

Nakubali, ingawa kwa nyumba za meta 200 haitabadilisha kitu usiku wa utulivu.

33. Jirani wa Barabara

Nashukuru wote. Kwa kuwa maelezo yamekuwa mengi, naomba Mpimaji atueleze ni kipimo gani kitaweza kuyatenganisha: ardhi, hewa, urefu wa ukuta, malori, na masikio yetu wenyewe.

34. Mpimaji

Weka maikrofoni moja ya rejea meta 1.5 juu ya ukingo wa ukuta, mahali ambapo kivuli hakifiki, ili ujue barabara ilikuwa ikitoa nini saa ile. Nyingine ziwe meta 20 na meta 200 nyuma, na moja ng'ambo, zote zikirekodi kwa wakati mmoja. Hesabu magari kwa aina, andika mwelekeo na kasi ya upepo, na joto katika vimo viwili. Rekodi sauti kwa bendi za hezi badala ya namba moja ya kichujio cha A. Rudia usiku wenye mawingu na usiku mweupe. Tofauti ya usiku hizo mbili ikiwa kubwa, Mtazama Upepo ana hoja. Ikiwa ndogo na sauti nzito ikatawala, Dereva ana hoja. Na kama kelele za meta 200 zinapanda lori linapopita pengo la barabara ya mtaa, basi tumalizane na urefu wa ukuta. Shida ni kwamba vipimo vya kabla ya ujenzi vilifanywa mstari wa kwanza tu, kwa hiyo la ardhi litabaki kukadiriwa kwa modeli.

35. Fundi Paneli

Kabla maikrofoni hazijafika, Jirani, chunguza pia matundu ya kutolea maji ya mvua chini ya ukuta. Yakiwa wazi upande hadi upande, yafunikwe kwa kasha lenye kona na nyenzo ya kufyonza, maji yapite na sauti ikwame. Mtu huangalia maungio kwa sababu yako usawa wa macho, na matundu yale yako usawa wa tairi.